Maswali ya Wasomaji: Kuusaka ugonjwa adimu kwa picha

Barua za safari hii zina jambo linalofanana: kipimo kimefanyika, ripoti ipo, jibu halipo. Mara nyingi mashine si mbovu na aliyesoma picha si mzembe. Kipimo kilichoombwa ndicho hakikuwa chenyewe, au kilikuwa chenyewe kikafanywa nusunusu. Barua tumezifupisha. Majibu hayachukui nafasi ya daktari anayekuona uso kwa uso, ila yatakupa la kumuuliza.

Nina miaka 34, sijawahi kuvuta sigara. Pafu la kulia limesinyaa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Kila mara nimewekewa mpira kifuani, hewa ikatolewa, na eksirei ya mwisho ikasema mapafu ni mazima. Sasa CT inasema nina "sisti ndogo nyingi pande zote mbili". Daktari mmoja anadhani ni makovu ya kifua kikuu, mwingine anataka kuchukua kinyama cha pafu kikapimwe. Nimsikilize nani?

Dada yetu, kinyama kisubiri kwanza. Mwanamke wa umri wako, asiyevuta sigara, aliyesinyaa pafu mara mbili na mwenye sisti (vifuko vya hewa) pande zote, ni lazima afikiriwe LAM. Hicho ni kifupi cha limfanjioleiomayomatosisi: seli zinazofanana na za misuli laini hujipenyeza mapafuni na kuyatoboa taratibu. Ni ugonjwa adimu, na karibu wote wanaoupata ni wanawake.

Eksirei kutoona kitu si ajabu. Ukuta wa sisti hizi kwa kawaida haufiki milimita 2, na eksirei huulaza unene wote wa kifua kwenye picha moja. Mbavu, moyo, mishipa na sisti vyote vimepandana. CT hukata kifua vipande, lakini nayo ina mtego wake, nao ni unene wa kipande. Sisti ya milimita 4 ikiwa ndani ya kipande cha milimita 5 huchanganywa na nyama iliyo jirani, kompyuta ikatoa rangi ya wastani, ukuta ukapotea. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe: vipande vyangu vina unene gani? Vinavyotakiwa ni vya milimita 1 hivi au pungufu, umevuta pumzi mpaka mwisho na kuizuia. Pumzi ikiwa nusu, pafu huonekana lina ukungu, na ukungu huo husomwa kama ugonjwa ambao haupo.

Kisha linakuja suala la umbo na mahali. Sisti za LAM ni za mviringo, zimetawanyika sawasawa kuanzia juu ya pafu mpaka pembe zake za chini, na pafu lililo katikati yake ni zima. Zikiwa na maumbo ya ajabuajabu, zimechanganyika na vinundu, ziko zaidi juu na katikati huku pembe za chini zikiwa salama, hapo anafikiriwa mvuta sigara mwenye histiositosisi ya Langerhans. Zikiwa chache, ndefundefu kama dengu, ziko chini na karibu na moyo, mtu aulizwe kama kuna ndugu waliowahi kusinyaa pafu au kuugua saratani ya figo, na atazamwe vipele vidogo vyeupe usoni. Hiyo ni njia ya ugonjwa wa Birt-Hogg-Dubé. Mapafu yaliyoharibiwa na moshi huwa na matundu yasiyo na ukuta. Makovu ya kifua kikuu kwa kawaida hukaa juu, huvuta na kupindisha pafu, na mara nyingi huacha chembe za chokaa. Hayatawanyiki sawasawa pande zote.

Omba pia figo zitazamwe. Karibu theluthi moja ya wenye LAM isiyo ya kurithi huwa na uvimbe wa figo wenye mafuta ndani yake. CT hupima kila nukta kwa vipimo vya Hounsfield: maji ni 0, hewa ni -1000, mafuta ni karibu -100. Nukta za ndani ya uvimbe wa figo zikisoma chini ya -20, hayo ni mafuta, na jibu limekaribia. Kipimo hicho kifanywe kwenye picha zilizopigwa kabla ya dawa ya kontrasti, kwa sababu dawa hupandisha namba na kuficha mafuta machache.

Mwisho ni damu: protini iitwayo VEGF-D. Ikifika pikogramu 800 kwa mililita au zaidi, na CT ni ya sura niliyoeleza, utambuzi umekamilika bila kisu. Ikiwa chini ya hapo haikuondolei ugonjwa; ndipo mjadala wa kinyama unapoanza kuwa na maana. Wakati ukisubiri, mwambie daktari wako kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, maana havifai hapa, na muulize kuhusu kuligandisha pafu kwenye ukuta wa kifua, kwa kuwa katika ugonjwa huu pafu lililosinyaa mara moja hurudia. Dawa ipo, inaitwa sirolimus. Marekani iliiidhinisha kwa LAM mwaka 2015. Hupunguza kasi ya pafu kuharibika, hairudishi lililokwisha kuharibika, na ndiyo sababu ya kutopoteza miaka.

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni daktari niliyeanza kazi mwaka huu. Fomu zangu za kuomba picha zinarudi na ripoti ya "hakuna kasoro" hata pale ninapokuwa na hakika mgonjwa anaumwa. Nakosea wapi?

Marahaba. Chukua fomu yako ya mwisho uisome kama hujamwona mgonjwa. Kama imeandikwa "maumivu ya kichwa, CT ya kichwa", umeuliza kama kuna damu au uvimbe mkubwa, na umejibiwa kuwa hakuna. Sasa linganisha na hii:

"Mwanamke, miaka 38. Kichwa kinauma wiki ya tatu sasa. Kinaanza dakika chache baada ya kusimama, kinatulia akilala robo saa. Hajachomwa sindano ya mgongo, hajaanguka. CT bila kontrasti ni ya kawaida. Je, kuna uvujaji wa majimaji ya uti wa mgongo? Naomba MRI ya ubongo kabla na baada ya gadoliniamu, na MRI ya uti wote wa mgongo, T2 yenye kufuta mafuta. eGFR 92. Hana chuma mwilini. Si mjamzito."

Ukiandika hivyo, daktari wa radiolojia anajua atafute nini: utando mgumu wa ubongo unaong'aa sawasawa pande zote, majimaji membamba chini yake, mishipa ya vena iliyovimba, tezi ya pituitari iliyonenepa, ubongo ulioshuka. Usipomwambia, kushuka kwa ubongo kunaweza kusomwa kama kasoro ya kuzaliwa ya Chiari, na wapo waliopasuliwa kisogo kwa kosa hilo huku tundu linalovuja liko mgongoni. Kumbuka pia kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wenye uvujaji huu ana MRI ya ubongo isiyo na kasoro. Maelezo ya "akisimama, akilala" yana uzito kuliko picha hiyo.

Mambo ambayo fomu isiyakose: umri, dalili na muda wake kwa siku au wiki, kinachozidisha na kinachopunguza, matokeo ya damu yanayohusika, upasuaji uliopita, tarehe na mahali pa picha za zamani, na swali lenyewe likiisha na alama ya kuuliza. Swali ni moja au mawili. Ukiorodhesha magonjwa tisa ni sawa na kutouliza.

Jingine ni aina ya picha ndani ya kipimo. "MRI ya ubongo" ni mfuko wa picha nyingi tofauti. Mgonjwa aliyepoteza akili ndani ya wiki chache, anayeshtukashtuka misuli, akipigwa T1 na T2 peke yake anaweza kuonekana mzima. Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob hujitokeza kwenye DWI na FLAIR, ambapo ganda la ubongo hung'aa kama utepe pamoja na viini vya kaudeti na putameni. Andika majina ya picha hizo. Na kabla ya kumkatia mtu tamaa, hakikisha amepimwa ensefalitisi, yaani kuvimba kwa ubongo kunakotokana na kinga ya mwili, maana inaweza kufanana nao na ina tiba.

Usalama usiuachie radiografa peke yake. Kifaa cha kuendesha moyo: andika kampuni na modeli, vingine vinaruhusiwa kwenye MRI kwa masharti na vingine havina idhini hiyo. Aliyewahi kusaga au kuchomelea chuma bila miwani na akaingiwa na chembe jichoni apigwe eksirei ya macho kwanza. eGFR, yaani kipimo cha figo kuchuja damu, ikiwa chini ya 30, uliza ni gadoliniamu (dawa ya kontrasti ya MRI) ya aina gani, kwa sababu zile za zamani zilihusishwa kuanzia mwaka 2006 na ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa.

Baba yetu ana miaka 78. Miguu imevimba, anachoka, na eko ya moyo imesema kuta za moyo ni nene kwa sababu ya presha. Lakini baba hajawahi kuwa na presha ya juu. Siku hizi hata hushuka. Tumesikia kuna picha ya mifupa inayogundua ugonjwa wa moyo. Ni kweli au ni uzushi?

Ni kweli, na mmekuwa na macho mazuri. Ukuta wa moyo wa milimita 12 au zaidi kwa mtu asiye na presha unahitaji maelezo mengine. Mojawapo ni amiloidi: protini iliyokunjika vibaya hujazana katikati ya misuli ya moyo. Waulizeni ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ilisemaje. Moyo ulionenepa kwa misuli kwa kawaida hutoa mawimbi makubwa. Ulionenepa kwa amiloidi mara nyingi hutoa mawimbi madogo au yasiyolingana na unene huo. Mwulizeni baba mwenyewe kama aliwahi kufa ganzi vidole vya mikono yote miwili au kufanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono kwa ajili hiyo. Dalili hiyo hutangulia moyo kwa miaka, na watu huisahau.

Picha yenyewe hufanyika hivi. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi ya teknesiamu-99m iliyofungwa kwenye pairofosfeti, kiasi cha megabekereli 370 hadi 740. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mifupa, ila hushika pia amiloidi inayotokana na protini ya transthairetini. Baada ya saa tatu hivi hupigwa picha ya kifua, na moyo hulinganishwa na mbavu. Daraja 0 moyo haung'ai. 1 unang'aa kuliko kawaida lakini chini ya mbavu. 2 sawa na mbavu. 3 kuzidi mbavu. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu 1,217, ulionyesha kwamba daraja la 2 au 3, pamoja na damu na mkojo visivyo na protini ya monokloni (protini ya aina moja inayotolewa na kundi moja la seli za uboho), linatosha kutambua amiloidi ya transthairetini ya moyo bila kinyama.

Someni tena sehemu ya damu na mkojo, kwa kuwa hapo ndipo watu huumia. Ipo amiloidi nyingine, ya minyororo myepesi, inayotoka kwenye seli za uboho. Hiyo ni dharura, inatibiwa kwa dawa za aina ya saratani, na kwa baadhi ya wagonjwa nayo hung'aa kwenye picha hii. Picha ikifanywa peke yake, mtu anaweza kupewa jina la ugonjwa usio wake na wiki zikapita. Vipimo vitatu viende pamoja nayo: imunofiksesheni ya damu, imunofiksesheni ya mkojo, na uwiano wa minyororo myepesi ya kappa na lambda. "Elektroforesisi" ya kawaida peke yake haitoshi, protini kidogo huipita.

Makosa mengine mawili ni ya chumba cha picha. La kwanza ni kutumia MDP, dawa iliyozoeleka ya kupimia mifupa, kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini. MDP hushika amiloidi hii vibaya, na jibu la "hakuna" halina thamani. La pili ni kupiga picha bapa tu. Damu iliyo ndani ya vyumba vya moyo nayo ina mionzi, hasa mapema, na kwenye picha bapa huonekana kama msuli unang'aa. SPECT, yaani picha za kuzunguka mwili, hutenganisha msuli na damu. Bila SPECT msikubali jibu la "daraja la 1" wala la "2". Aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni au aliyevunjika mbavu upande wa kushoto aseme mapema.

Ikithibitika, baba apimwe jeni ya transthairetini. Ikiwa na kasoro, nyinyi watoto nanyi mna la kuuliza.

Mume wangu ana miaka 45. Kwa miaka mitatu mifupa inamuuma, amevunjika nyayo mara mbili bila kuanguka, sasa anatembea kwa gongo. Eksirei, CT na MRI ya mgongo hazikuonyesha uvimbe. Tumeambiwa ni mifupa laini, anywe vitamini D. Amekunywa mwaka mzima.

Mama, kuna kipimo kimoja kidogo cha damu ambacho mara nyingi hakimo kwenye orodha ya kawaida: fosfeti. Apimwe asubuhi kabla ya kula. Ikiwa chini, apimwe fosfeti ya mkojo ya wakati huohuo, ili ijulikane kama figo zinaimwaga, na homoni ya FGF23. Mtu mzima aliyeanza ukubwani, fosfeti iko chini, figo zinaimwaga, na FGF23 iko juu au haijashuka kama inavyopasa, anatafutiwa uvimbe mdogo unaotengeneza homoni hiyo. Uvimbe wenyewe si wa kutisha, mara nyingi ni wa sentimita chache au pungufu. Unaweza kuwa kwenye wayo, paja, taya au matundu ya pua.

Eksirei za zamani zisitupwe. Waambie wasome upya shingo ya mfupa wa paja upande wa ndani, mifupa ya kinena na bega. Mistari myeusi iliyokatiza mfupa, inayofanana kushoto na kulia, ni mivunjiko ya mifupa laini, na hupita bila kusemwa kama msomaji anatafuta saratani.

Kuusaka uvimbe, kipimo bora ni PET yenye dawa ya DOTATATE iliyofungwa na galiamu-68. Dawa hushika vipokezi vya somatostatini vilivyo juu ya seli za uvimbe, na picha hupigwa saa moja hivi baada ya sindano. Sasa lishike hili: PET ya kawaida ya saratani huanzia chini ya fuvu na kuishia katikati ya paja. Uvimbe ukiwa kwenye kisigino, umepita nje ya picha, na ripoti itasema kwa haki kabisa kwamba hakuna kitu. Fomu iandikwe "kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, mikono ikiwa ndani ya picha". Mivunjiko inayopona nayo hung'aa kidogo. Kinachotafutwa ni doa lililokolea, ambalo baadaye linathibitishwa kwa MRI ya mahali hapo tu. Ukitolewa wote, fosfeti hupanda ndani ya siku chache. Ukiachwa kipande, hurudi palepale.

Na kwa kuwa nyayo zimevunjika mara mbili, miguu isisahauliwe katika msako huu. Anzeni na kumvua viatu na kumpapasa.

Mtoto wa dada yangu ana miaka minne. Baada ya chanjo ya pajani na kuanguka kidogo ametoka uvimbe mgumu wa mgongo na shingo. Wamepanga kuchukua kinyama wiki ijayo wakidhani ni saratani.

Simameni, mtazame vidole gumba vya miguu yake. Vikiwa vifupi na vimepinda kuelekea vidole vingine tangu alipozaliwa, mwambieni daktari leo, kabla ya wiki ijayo: tunaomba FOP iondolewe kwanza. Katika ugonjwa huo misuli na kano hugeuka mfupa, na kila jeraha, hata la kisu cha kinyama au sindano ya msuli, linaweza kuchochea mfupa mpya usioondoka.

Kinachohitajika ni eksirei mbili za nyayo. Ya mgongo inaweza kuwa safi katika wiki za kwanza, kwa kuwa mfupa bado haujajengeka, hivyo isiwatulize. MRI ya hatua hiyo huonyesha msuli uliovimba na kufanana na saratani, na hapo ndipo kosa huzaliwa. Uthibitisho ni damu au mate kwa jeni ya ACVR1, iliyogunduliwa mwaka 2006. Mpaka jibu lije: hakuna kinyama, hakuna sindano ya msuli, na daktari wa meno aambiwe kabla ya ganzi ya taya. Vidole gumba vikiwa vya kawaida, uwezekano unashuka sana na uchunguzi wa saratani usicheleweshwe.

Kuna kituo kinatangaza picha ya mwili mzima "kugundua magonjwa adimu mapema". Nina afya. Nijitose?

Piga hesabu. Chukua ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 10,000, na kipimo kizuri kupita vingi vilivyopo: kinakamata wagonjwa 99 kati ya 100 na kuwaachia wazima 99 kati ya 100. Wapimwe watu 100,000 wasio na dalili. Wagonjwa ni 10, na karibu wote watakamatwa. Wazima 99,990 nao watatoa majibu ya uongo kama 1,000. Ukiambiwa "umekutwa nacho", uwezekano wa kweli ni kama 1 kati ya 100, na wale wengine 99 wanaanza safari ya sindano na kisu. Mwenye dalili, au mwenye ndugu aliyethibitika, hayumo kwenye hesabu hii.

Kama kipimo ni CT, ongeza mionzi: ya tumbo na nyonga ni milisiveti 8 hadi 10 hivi, wakati mionzi ya asili ni wastani wa 2.4 kwa mwaka. Kwa mgonjwa anayetafutiwa jibu si kitu cha kuogopa. Kwa mzima anayetafuta utulivu wa moyo, hatushauri.

Tunataka maoni ya daktari mwingine aliye mbali. Tupige picha zile filamu kwa simu tumtumie?

Hapana. CT moja ina vipande mia kadhaa, na filamu ina vichache ambavyo mtu fulani alivichagua. Isitoshe, kila nukta kwenye CT huwa na ngazi 4,096 za kijivu; picha ya simu hubaki na 256, na msomaji hawezi tena kufungua dirisha la mapafu, la mifupa au la mafuta. Kupima mafuta ya figo kama tulivyomweleza dada wa kwanza hakuwezekani.

Ombeni CD au faili za DICOM, yaani picha asili za mashine, na mseme dirishani kwa maneno haya: "mfululizo wote, pamoja na vipande vyembamba". Wahini, kwa sababu vituo vingi huhifadhi vipande vinene vya milimita 3 au 5 na kufuta vyembamba baada ya muda mfupi, na vilivyofutwa havirudi. Kipande kimoja cha nukta 512 kwa 512 ni kama nusu megabaiti. Vipande 400 ni megabaiti 200. Faili yenu ikiwa megabaiti 6, mmepewa picha za maonyesho. Ifungueni kwenye kompyuta palepale kabla ya kuondoka: jina, tarehe ya kuzaliwa, upande wa kushoto na kulia, na idadi ya picha. Zitumeni kama folda iliyofungwa kwa nywila. Zisipitie sehemu ya picha ya programu ya ujumbe, kwa kuwa huzibana.

Ambatanisheni ripoti ya kwanza na historia ya ukurasa mmoja, pamoja na picha zote za zamani hata zile zilizoitwa safi. Doa ambalo lilikuwepo miaka mitano nyuma kwa ukubwa uleule husomwa tofauti kabisa na lililotokea mwaka huu.